Mstari Chini ya Goti

Saa nane usiku naiamsha miguu,
au yenyewe ndiyo huniamsha, sijui nani huanza.
Shuka la pamba, jepesi kama ganda la kitunguu,
likigusa kidole gumba nauma mto
nisimwamshe Lugadiru.
Siku hizi naweka katoni ya sabuni kitandani,
miguu humo ndani, shuka juu,
nalala kama bidhaa inayosubiri kupelekwa Bungoma.

Asubuhi, sokoni Luanda, mambo ni kinyume.
Sindano iliyoanguka chini ya cherehani
niliikanyaga, nikatembea nayo hadi kwa Mama Asena wa vifungo.
Yeye ndiye aliyeona damu kwenye ndara.
Mimi fundi wa nguo, miaka kumi na tisa,
sindano ndiyo jirani yangu wa karibu kabisa,
na sasa inaingia bila hodi.
Shuka linaniunguza, chuma hakinisemeshi.
Nielezeni hilo.

Wamenieleza.
Mavyaa: kuna kitu ulikanyaga njia panda.
Mchungaji aliuliza kama kuna mtu sijamsamehe.
Wapo watatu. Niliwasamehe wote Ijumaa,
Jumamosi nikaungua vilevile.
Kijana wa duka la dawa: ni sukari hiyo, mama, punguza chai.
Sukari ikapimwa mara nne, iko sawa.
Wakapima ule ugonjwa unaotajwa kwa macho tu. Haupo.
Wakatafuta vitamini, tezi, figo,
chupa ndogo sita zenye vifuniko vya rangi
kama nyuzi zangu kwenye rafu.
Waliosema dalili ya mvua ni mawingu
hawakuwahi kulowa chini ya jua kali.

Kisumu nilifika Machi.
Daktari Chebii ana uma wa chuma,
anaugonga gotini pake, unavuma kama nyuki mmoja,
kisha anaubandika kwenye mfupa wangu.
Unausikia?
Kidoleni, la. Kifundoni, la.
Kwenye muundi, la, la, ngoja,
hapo! Nyuki ameingia nyumbani.
Akachukua kalamu ya buluu, akachora mstari kuuzunguka mguu,
na wa pili vilevile, karibu kimo kimoja,
kama soksi za mtoto wa shule.

Nikakumbuka Maseno, pale ikweta inapokata barabara,
tulivyosimama darasa la sita, mguu huku, mguu kule,
mwalimu Ogalo akituambia tuko pande mbili za dunia,
nasi tukasikitika kwamba hatuhisi chochote.
Sasa ninayo ikweta yangu.
Juu ya mstari naishi mimi, Kageha, mama wa wawili.
Chini ni nchi nyingine, ina jua lake la usiku,
haijibu barua.

Akaulizia vidonge vya kifua,
vile vya miezi sita, mwaka ule wa kukohoa:
nilipewa na kile kidogo cha kulinda neva?
Nakumbuka mkojo wa rangi ya chungwa.
Nakumbuka rafu tupu, muuguzi akisema, rudi wiki ijayo.
Kidonge sikikumbuki.
Huenda, akasema, akaandika neno refu kwenye faili.
Nikaomba anisomee kwa lugha ya watu.
Akavua miwani.
Maana yake ni hatujui.

Nilimheshimu kwa hilo.
Nikatoka nje, nikalia, halafu nikala samaki mzima.

Mstari ulifutika siku ya tatu.
Nikauchora upya kwa chaki ya nguo,
hii bapa ya kukatia suruali.
Tangu hapo umepanda upana wa vidole viwili.
Tarehe nimeziandika kwenye daftari la vipimo,
kati ya kiuno cha bibi harusi na mabega ya kwaya.
Dawa ya usiku inaugeuza moto kuwa makaa,
lakini juzi nilishona mfuko ndani nje.
Pedali naikanyaga kwa kuitazama,
kama umtazamavyo mtoto aliye karibu na jiko.

Adhabu ya kaburi aijua maiti,
ila maiti hadaiwi sare za shule kufikia Jumatatu.
Wateja husema pole, utapona.
Nasema asante.
Nyoosha mkono, nikupime.