Vitundu

Doa la kwanza lilikuwa sawa na shilingi.
Somoe, aliyekuwa akinisuka, akanyamaza ghafla,
na Somoe hanyamazi hata akiwa na pini mdomoni.
"Zeitun, hapa nyuma..."
Nikapapasa. Pakateleza kama kikombe cha kaure.

Mavyaa alisema punye, akaleta siki.
Jirani alisema jicho; hakutaja la nani.
Shemeji wa Faza akatuma mafuta ya habasoda,
nikanuka kama mtungi wa achari mwezi mzima.
Doa likapata nduguye, ndugu wakapata jamaa,
na kabla ya Maulidi nyusi nazo zikaaga,
moja Jumatatu,
ya pili haikungoja Ijumaa.

Buibui husitiri kichwa. Nyusi haizisitiri.
Miezi kumi na minne nimejichora kwa wanja;
siku za joto wanja huteremka
nikafanana na mtu anayeshangaa
jambo lililokwisha zamani.

Kazi yangu ni kofia. Kofia za vito:
unatoboa, unazungushia uzi, unakaza,
unatoboa tena, vitundu elfu na kitu
kwa kichwa cha mtu mmoja.
Nimewavika nusu ya mabwana arusi wa Langoni.
Usiku, mbele ya kioo, nilikitazama changu:
vitundu vimo vyote, vimepangika,
aliyevitoboa hakukosea hata kimoja.
Uzi tu ndio hakuna.

Daktari Mwaringa, kule Malindi, alinieleza polepole:
"Askari wa mwili wako wanaikamata nywele
wakidhani ni mwizi. Dawa hii ni mpya.
Haiwafukuzi askari. Inawaziba masikio."
Nikamuuliza, na mwizi wa kweli akija?
Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.
Ndiyo sababu ya karatasi ya kutia sahihi,
na damu, chupa tatu kila mwezi,
na picha ya kifua, na maonyo kuhusu homa.
Bei aliiandika. Hakuisoma kwa sauti.

Athman aliikunja ile karatasi mara nne.
"Mimi sikuoa nywele," akasema.
Najua alikusudia wema.
Nikafungua sanduku, nikatoa bangili mbili za mamangu,
nikampelekea sonara kabla sijabadili nia.

Kidonge kimoja, saa mbili usiku, nikishaswali Isha.
Cheupe, kidogo kuliko kifungo cha kanzu.
Wiki ya tatu: chunusi, kama msichana wa darasa la saba.
Wiki ya sita: mafua yaliyohamia na virago vyake.
Wiki ya tisa, alhamdulillahi, nywele!
Mkononi. Juu ya kiwiko.
Mahali ambapo hakuna aliyeziulizia.
Nikacheka peke yangu chooni
hadi Athman akagonga mlango.

Wiki ya kumi na tatu sikuwa nikitazama kitu.
Nilikuwa nimeinama, naikaza kofia ya Shee Famau,
ushungi umeniangukia mabegani,
Nasra nyuma yangu anachezea vibobini.
"Mama, una uzi kitwani."
Nyuzi huniganda kila siku, ndiyo kazi.
"Uvute," nikamwambia.
Akavuta.

Uliniuma.

"Uache!" nikapiga kelele, mtoto akaruka,
vibobini vikabingirika mpaka chini ya kitanda.
"Uache hapo hapo. Usiuguse. Lete kioo.
Lete na taa."

Ni mweupe. Mimi sijafika arubaini.
Urefu wake ni kucha ya mtoto mchanga.
Na daktari alikwisha kunionya: ukiacha dawa
huenda zikaenda zake tena,
na sandukuni bangili zimebaki mbili.
Hayo nayajua. Leo nisiambiwe.

Kofia ya Shee imebakiza vitundu mia tatu,
na arusi ni Alhamisi.
Sindano ninayo, uzi ninao,
ila mkono mmoja haufanyi kazi tangu asubuhi:
kila nikiuteremsha unapanda,
unaparudia pale pale
palipouma.