Chumba cha Taa

Misumari ni ileile.
Zamani ilining'iniza taa za wachimba makaa,
kila taa na namba yake ya shaba;
leo inaning'iniza mbao za kuteleza thelujini,
na mimi, Zuurakan, niko dirishani palepale,
nagawa, naandika, nangoja zirudi.

Mgodi ulipofungwa walituachia mlima.
Nani alijua mlima nao una wateja?

Asubuhi kaja kijana kutoka Bishkek,
Emilbek, miwani mipya,
kibandiko cha bei bado kinapepea begani.
"Mama, nipe ubao wa kila mahali."
Nikacheka mpaka chai ikanimwagikia.
Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima.
Wahenga hao hawakuwahi kulima barafu.

Njoo uone, nikamwambia.
Huu mrefu, pua pana kama koleo,
mkia umepasuliwa kama wa mbayuwayu,
ni wa unga: theluji mbichi ya kiunoni, kule nyuma ya misonobari.
Humo unaelea, huijui ardhi.
Lakini uulete kwenye njia ya malori,
ile iliyopigwa na upepo ikang'aa kama sahani,
utatapatapa kama ng'ombe aliyepandishwa ngazi.

Huu mgumu, mgongo juu kama paka aliyeudhiwa,
kingo zake nimezinoa jana kwa tupa ya marehemu.
Unauma barafu, hauachi.
Ila hausamehe goti lililolala,
na msituni, penye kona za ghafla,
una kiburi cha mlango wa chuma.

Huu mfupi, laini, ncha mbili sawasawa:
Nurdoolot wangu huuendesha kinyumenyume
akinionyesha meno.
Huko juu kwenye upepo hutetemeka
kama kifuniko cha sufuria.

"Na wewe unateremka na upi?"
Sijawahi, mwanangu, hata na mmoja.
Goti hili lilikataa zamani.
Ninayoyajua nimeyasoma matumboni mwa mbao;
jioni nazigeuza, nazisikiliza kwa kidole.
Mkwaruzo mwembamba, mrefu, ni jiwe la kileleni.
Vidoa vyeusi ni chenga za makaa, pale kwenye lundo la mgodi.
Utomvu ukingoni: mtu kakumbatia msonobari.
Nta iliyoliwa katikati tu: mwoga, kashinda njiani siku nzima,
wala si aibu.

Sikumuuliza anataka kwenda wapi.
Kila mtu anataka kileleni.
Nilimuuliza: ukichoka, huegemea mguu upi?
Akanyamaza, akajitazama miguu kama mtu aliyeazima.
Nikapima buti lake kwa shubiri,
vidole visije vikachungulia nje ya ubao
vikachimba theluji asipotaka.

Kisha nikashusha ule wa msumari wa arobaini na moja.
Pua imeinuka kidogo, chini ya nyayo umekaza,
si mrefu, si mfupi, rangi imebabuka.
Hauna jambo unalolijua sana. Hauna unalolikataa.
Kwenye unga ataegemea nyuma mpaka mapaja yawake moto;
kwenye barafu utalalamika, lakini utashika.
Akaukunjia uso. Alitaka ule wa mbayuwayu,
una picha ya mbwa mwitu.

Msumari wa arobaini na moja ulikuwa wa Asanaly.
Sikumwambia. Namba ni namba.
Taa yake ilirudi siku ile,
imebebwa na mtu mwingine.

Saa kumi na moja jioni huyo karejea, ndevu zimeganda,
anasimulia kilele kwa mikono miwili.
Nami naugeuza ubao polepole:
vidoa vyeusi, utomvu,
kovu fupi la jiwe la bondeni,
kingo zimeng'arishwa na njia ya malori.
Kileleni hakufika.
Kapita kila mahali pengine.

"Kesho niwekee huuhuu," akasema,
bila kunitazama.

Nikafungua daftari.
Arobaini na moja: umerudi.
Nikaongeza neno ambalo hakuna anayenidai:
na mwenyewe.