Karatasi ya Viazi Karai

Barua ya kwanza niliiandika kwa wino wa buluu,
ya pili kwa mweusi, ya tatu kwa mwekundu.
Mzazi wa Mbaruku, gredi ya sita: fika shuleni.
Hakufika mtu.
Katika chumba cha walimu nikasema,
nikipuliza chai: watu wa Mwandoni
huzaa, wakatuachia sisi, basi.
Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka.

Ya nne nilikutana nayo njiani.
Mvua ilikuwa imetoka kunyesha Kisauni nzima,
madimbwi hadi mlangoni pa duka la dawa,
nikanunua viazi karai vya hamsini,
ukwaju juu, pilipili kidogo,
na nilipokifungua kifurushi chini ya taa ya stima
nikauona mwandiko wangu.

Karatasi ilikuwa imeyanywa mafuta
ikawa kama kioo:
huku maneno yangu, tafadhali, mara ya mwisho,
na yakipenya kutoka upande wa pili, ya penseli:
Viazi, nusu gunia. Ngano, kilo saba.
Makaa, deni. Ukwaju, deni.
Alhamisi, Kongowea, saa kumi na moja alfajiri.
Saba ile yenye mkia mrefu naijua.
Na kwenye rejista yangu, Alhamisi zake zote
zimekatwa kwa nyekundu.

Nikarudi. Mwanasiti alikuwa akigeuza viazi.
"Pilipili haikutosha, mwalimu?"
Kumbe ananijua. Miaka miwili nanunua kwake
wala sikuwahi kumwuliza ana mtoto shule gani.
"Karatasi hii umeitoa wapi?"
"Kwa Mbaruku. Huniletea. Asema, mama, hizi zimekwisha kazi."
Akapangusa mikono kwenye leso.
"Mimi na herufi hatujajuana.
Hebu nisomee, yasemaje hini?"

Wateja wanne, mwenye tuktuk mmoja, karai linachemka.
Nikasoma. Nilipofika penye uzembe wa mzazi
nikalimeza neno, nikaruka mstari,
likanikwama kooni kuliko pilipili yoyote.
Sijui kama alijua. Alingoja kidogo,
kama mtu aliyesikia mlango ukifungwa polepole,
kisha akasema, "Alhamisi n'lidhani hamsomi.
Aliniambia ni siku ya mpira."

Chengo wa tuktuk akacheka, halafu akanyamaza.
"Mimi Alhamisi natoka Kongowea gari tupu.
Viazi vyaweza kuja bila mtoto."
Mama mmoja wa buibui, chenji mkononi:
"Na wangu je? Tatu binti Omari, gredi ya nne.
Yeye hana barua?"
Na mwengine. Na mwengine. Mpaka viazi vikaungua
Mwanasiti akatufokea sote,
na huo ndio mkutano wa wazazi wa kwanza
nilioitisha wakaja watu.

Sisemi mambo yalinyooka.
Mbaruku alininunia wiki tatu,
swali nikimwuliza alijibu kwa mabega.
Insha bado anaiandika kama atakayelipishwa kwa kila neno.
Chengo alikosa Alhamisi mbili,
moja kwa sababu ya tairi, nyingine usingizi.
Lakini barua za kwenda upande ule siandiki tena.
Ijumaa, kengele ikilia, naenda kukaa kwenye benchi lake,
nasema kwa mdomo, najibiwa kwa mdomo,
na siku nyingine Mwanasiti hunifundisha
kuyasikia mafuta yaliyopata moto
kabla sijayaona.

Juzi nilimpa kijana daftari jipya, kurasa tisini na sita.
Alilipokea bila ahsante.
Asubuhi nililikuta mezani pangu kati ya mengine:
jina lake, la shule, la somo,
na chini kabisa, kwa herufi kubwa,
amekaza kalamu hadi imetoboa jalada:
DAFTARI HILI SI LA VIAZI.