Kamba Mguuni

Kayenze, saa mbili asubuhi. Dagaa wameanikwa
juu ya majabali, na kuku wanne wa Nkwimba
wamelala kwenye mfuko wa saruji, shingo zimepinda
vile mdondo upendavyo kuziacha.

"Bwana mifugo, unatafuta nini humo ndani?"

Mimi si bwana. Lakini cheo hapa hakibadilishi nguo.
Napasua. Kandokando ya koo, pande zote mbili,
tezi zimepangana kama shanga zilizokatika uzi.
Humu seli nyeupe hufundishwa kutambua nyumbani.
Inayomrukia ndugu haimalizi masomo.
Wengi hawamalizi. Ni shule kali.

"Tezi?" Nkwimba anacheka na kilio bado kimo puani.
"Tezi si ya chombo? Mwenda tezi na omo..."
"Na hii pia marejeo ni ngamani," namwambia,
"ngamani mwa damu."

Wengu nalikuta na madoa,
kama moyo wa mtu aliyekesha akipokea wageni wabaya.
Halafu nyuma, juu ya tundu la kutagia, kifuko:
kwa kifaranga kingekuwa kinene, punje ya njugu mawe;
kwa huyu, aliyetaga misimu mitatu,
nakipapasa kwa ncha ya kisu na sikioni.
Kimesinyaa. Kilishawafundisha askari wake,
kikawatawanya mwilini, kikajifunga chenyewe.
Nkwimba ananitazama kama niliyemwibia.

Chini ya mpapai, kuchi wake mwekundu anaparua,
mrefu, miguu ya manjano, kana kwamba hakuna msiba.
"Huyo kaumwa siku sita. Nilishamtengea sufuria.
Sasa mtu wa Kirumba ananipa elfu thelathini."

Nikamwambia ninachokijua.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni:
ugonjwa ulipoingia kwa huyu, seli zake
ziliufunga kamba kila mguu uliokanyaga damu,
na walaji wa takataka wakaona kamba, wakala.
Urefu wa kamba ile wanaukumbuka. Akirudi mgeni yule
atakuta inasokotwa mlangoni.

Na zaidi. Kuku hana ziwa,
ingawa hili hapa limejaa hadi Ukerewe.
Anachomnyonyesha mwanawe ni kiini cha yai:
kamba zote alizojifunza anazikunja humo, manjano,
ziwatoshe vifaranga wiki mbili, tatu,
kisha kila mmoja ajisokotee zake.

Nkwimba anahesabu kwa vidole: thelathini,
sare ya Holo, deni la mashudu,
mayai tisa kwenye ungo.
"Na wakifa hata hivyo?"

Baadhi watakufa. Sikumdanganya.
Ijumaa naleta chanjo, tone moja la jichoni;
nyuma ya jicho nako kuna tezi, inangoja.

Tukawafukia wanne, shimo la kufika gotini, majivu juu.
Alipotoka ndani alikuwa na ukanda wa khanga kuukuu.
Akamkamata kuchi, akamgeuza, akaufunga mguuni,
fundo mara mbili.

Wa kuuzwa hufungwa. Wa kubaki pia hufungwa,
asichanganywe na wa jirani.
Nilinawa mikono, nikaokota kisu changu.
Sikuuliza.