Mlango wa Friji

Baba yangu, Roscoe Tibbs, alirekodi mlango wa friji yetu
jikoni, mtaa wa Kinsman, Cleveland,
baridi ya mwaka themanini na nane.
Aliubamiza mara arobaini
huku mama akifoka kwamba maziwa yatachacha.
Yakachacha.
Mlango ukawa ngoma,
ngoma ikawa albamu, santuri mbili, nyimbo kumi na tisa,
na jaladani ngazi ya chuma ya jengo letu
pamoja na kidole cha mpiga picha, pembeni,
kilichosahauliwa.

Leo wajuzi wanaiita msingi.
Ing'oeni hii, wanasema, muone nyumba ngapi zitasimama.
Sibishi. Nimeisikia friji yetu Atlanta, ndani ya teksi,
nimeisikia Marseille, kijana akiitupia Kifaransa
kama mtu anayetupa mawe majini,
nimeisikia kwenye tangazo la dawa ya meno,
imeoshwa, imepigwa pasi, inanukia.
Shingo yangu huitikia kabla sijaiambia.

Lakini kuisikiliza?
Kukaa kitako, mwanzo mpaka mwisho, kuisikiliza?

Wimbo wa kwanza, haya.
Wa pili ungemwinua maiti adai viatu vyake.
Wa tatu, Lucius anaishiwa pumzi katikati ya mstari
na hawakurudia: studio ililipiwa kwa saa,
na saa iliyobaki ilikuwa moja.
Wa tano si wimbo, ni simu,
dakika nne za mtu akiagiza piza kwa sauti ya kike
na vicheko vya waliokuwamo chumbani.
Sisi wengine hatukuwamo.
Besi imezama kama ugomvi wa jirani nyuma ya ukuta,
unajua kuna jambo, hujui jambo gani.
Kisha, kuanzia wa tisa, wanajisifu,
wanajisifu, wanajisifu,
na friji inabamizwa vilevile,
hata ukatamani mtu mmoja, kwa hisani yake, aifunge.

Mwezi jana maktaba ya mtaa ilifanya sherehe ya kumbukumbu.
Nikakalishwa mbele, binti wa marehemu,
na glasi ya maji nisiyoigusa.
Kijana aitwaye Thaddeus, mwenye macho ya mcha Mungu,
akanisogezea kipaza sauti:
nikiwa peke yangu nyumbani, huwa narudia wimbo gani?

Nilitafuta uongo mzuri. Nikakosa.
Nikamwambia, mwanangu,
hamira imeumua mikate ya mtaa mzima;
umewahi kumwona mtu akiila kwa kijiko?

Ukumbi ukanyamaza kama umeme umekatika.
Mtu wa safu ya nyuma akakunja programu yake, akaikunjua.
Ni mama aliyecheka, miaka sabini na tisa,
akacheka hadi fimbo ikamponyoka,
akasema, na friji yenyewe haikufunga tena sawasawa,
niliikazia kwa mpira wa soksi miaka sita,
mbona hilo hamliandiki?

Usiku ule niliitoa nakala ya baba.
Upande wa kwanza umechakaa kama kizingiti,
mikwaruzo, alama za vidole, doa la kahawa.
Upande wa nne ulikuwa unang'aa.
Hata unywele haukuwahi kupita pale.
Niliuinamisha kwenye taa, nikauangalia kwa muda mrefu,
mzee wangu, nawe pia.

Nikaweka sindano, kwa adabu tu.
Wimbo wa kumi na sita. Wa kumi na saba.
Huko ndiko usingizi uliponichukua, sitaki kudanganya,
sindano ikabaki inakuna kando ya lebo, kru, kru,

mpaka gari lilipopita dirishani saa nane za usiku,
wimbo mpya, sauti nisiyoijua,
na chini yake mlango wetu,
ukibamizwa na mtoto
ambaye hakuambiwa habari za maziwa.