Ukurasa Mchafu

Kiinua mgongo changu kilifika mwezi wa tatu,
baada ya miaka ishirini na sita ya kuchomelea matumbo ya meli
huko Yeongdo. Mgongo haukuinuka.
Nikakaa jikoni na simu, nikitazama namba
zikipanda nyekundu, zikishuka buluu,
maana kwetu Busan nyekundu ndiyo neema.

Shemeji yangu Pyo akasema: soma kwanza.
Yeye hakusoma. Gari lake analiendesha mtu mwingine.

Nikapanda kichochoro cha vitabu vikuukuu,
manyunyu, ngazi zinateleza,
hadi kwa Bi. Tak Gyeong-ja, anayepima kitabu kiganjani
kama mtu anayechagua tikiti.
"Nataka vya hisa," nikasema.
"Zile za kununua asubuhi na kuuza kabla ya jioni."
Hakuinua macho.
"Una watoto?"
"Mmoja. Yuko chuo."
"Kaa."

Akaniteremshia kumi na kimoja.

Cha kwanza, jaladani, kijana ndani ya gari lisilo na paa.
Akaninyang'anya kabla sijakifungua.
"Gari hili lilinunuliwa kwa fedha za kitabu hiki.
Wewe ndiwe petroli."

Cha pili kinene, cha ng'ambo, kimetafsiriwa mbiombio:
kijani hupanda, kinasema, nyekundu hushuka.
"Kisome usiku, na kesho saa tatu soko likifunguliwa
utashangilia mazishi yako."

Cha tatu mishumaa mitupu,
kurasa mia nne za mishumaa, mwili na utambi,
kila mmoja na jina lake,
na kila mmoja ulikwisha kuzimika ndipo ukachorwa.
"Hiki chukua. Lakini ni alfabeti.
Kujua herufi si kupata barua."

Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza tangu nistaafishwe:
"Fundi, mshono mbovu uliujuaje?"
Nikamwambia: unaupaka rangi upande huu,
unangoja, unachungulia upande wa pili.
Rangi ikitokeza, meli haitoki.
"Haya. Paka."

Basi nikapaka kwa neno moja: hasara.
Nikalitafuta katika vyote.
Katika vitano halikuwamo.
Katika vitatu lilikuwa ukurasa wa mwisho, kwa herufi za chawa,
pale mwandishi anaponawa mikono.
Kimoja kilikuwa na sura nzima, ya tisa,
kidogo, gamba limechoka, kimefungwa kwa gazeti,
na pambizoni penseli ya mtu.

Vitabu vya hisa hurudi dukani upesi, alinieleza,
na penseli hukoma ukurasa wa thelathini.
Hii haikukoma.
Tarehe. Kiasi. Ada ya dalali. Kodi.
*Niliongeza ili nirudishe.*
*Nilikuwa na hasira.*
*Saa tisa kasoro dakika tano, sikuuza.*
*Mume ameuliza. Nimesema ni pango la duka.*
Na pale kitabu kinapofundisha namna ya kuacha,
kuweka ukomo na kuuheshimu,
karatasi ilikuwa ya kahawia kwa dole gumba,
nyororo kama kitambaa.

"Bei?"
"Elfu nne."
"Cha gari ni elfu kumi na nane."
"Hiki kimechorwachorwa."

Akaniandikia risiti, tarehe saba.
Saba yake ilikuwa na kijimstari tumboni,
sawasawa na saba zote za pambizoni.
Nilitia kitabu kifuani chini ya koti.
Sikuuliza, naye alikuwa amekwisha kugeuka
kuvuta turubai, mvua imezidi.

Leo ni wiki ya sita.
Saa tatu inagonga, soko linafunguka, Pyo anapiga simu, sipokei.
Nanunua kwa karatasi tu, nauza kwa karatasi.
Kufikia jana nimepoteza milioni mbili na laki moja
ambazo hazikuwahi kutoka benki.
Nimeziandika pembeni, chini ya zake,
kwa penseli ngumu ya kiwandani,
ile tuliyotumia kuweka alama kwenye chuma.