Mkubwa Ndiye Mimi

Mila yetu ya milima ya Rodopi haina kona:
Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima
mdogo huenda kwa mkubwa,
humbusu mkono, husema, Nisamehe.
Mkubwa hujibu, Mungu amekwisha kukusamehe.
Kisha wanakula halua, basi.

Mkubwa ndiye mimi.
Kwa hiyo nilikaa dirishani.
Miaka kumi na mmoja, kila Jumapili hiyo,
nilibanja jozi, nikakata halua vipande,
nikatazama njia inayoshuka toka kwa Donka
ikijaa theluji, na theluji ikikosa nyayo.
Umeona? nilimwambia paka. Hana adabu, huyu.

Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime.
Sisi tulilima barafu,
na wa kushika kapu hakutokea.

Mama alikufa Jumanne, alfajiri.
Simu ilikuwa ukutani jikoni, hatua sita.
Donka alikuwa Plovdiv, saa tatu kwa basi.
Nilimwosha mama, nikamvisha soksi nyekundu za sufu
alizofumiwa na Donka,
nikachemsha ngano ya matanga, nikaita wachimba kaburi,
nikaita hata wale wa ghala la tumbaku
nisiowapenda.
Simu niliipiga Alhamisi.

Alipofika, udongo ulikwisha kushindiliwa.
Alisimama topeni na viatu vya mjini,
akauliza neno moja: Aliniulizia?
Nikasema, Hapana.

Nilikuwa na sababu. Shamba la miplamu,
hati iliyotiwa saini bila mimi.
Sababu kubwa; niliinoa kila siku kama kisu
hadi ukabaki mpini.

Mwaka huu, baada ya sala ya jioni,
Padri Sofroni alishuka toka madhabahuni
na magoti yake mabovu, akainama mbele yetu sote,
paji la uso sakafuni:
Nisameheni mimi mwenye dhambi.
Wanaume wawili walimnyanyua kama gunia.
Hufanya hivyo kila mwaka. Mwaka huu ndipo nilipoona:
mkubwa ndiye aliyetangulia chini,
kama Yule aliyejifunga kitambaa, akashika beseni,
wala hakuuliza nani mdogo.

Nilipanda mlima, halua chini ya koti,
nikiharibu theluji ya miaka kumi na mmoja.
Alifungua mtoto asiyenijua, pengo mdomoni.
— Bibi, kuna mtu!
Mtu. Jina hilo nimelichuma mwenyewe.

Donka alitoka na unga hadi viwikoni.
Amezeeka. Hakuna aliyenipa habari.
Nikaushika mkono wake, unga na vyote, nikaubusu.
— Wewe ndiye mkubwa, akasema, akiuvuta.
— Ndiyo. Alikuulizia, nikasema. Usiku kucha.
Alikuita kwa lile jina la utotoni, nami nilisikia.
Nisamehe.

Kitu kilianza kuungua ndani ya tanuri.
Hakuna aliyekwenda kukitoa.
Nilingoja jibu la mila, kama mtu angojaye risiti.
Donka akajifuta macho kwa kiwiko;
unga ukabaki kwenye nyusi.
— Mungu amekwisha kukusamehe, akasema.
Yeye ni mwepesi. Mimi bado.
Kisha: — Ingia, dada. Unaleta baridi.

Usiku ule walining'iniza yai kwenye boriti kwa uzi,
wakalizungusha; mikono nyuma, vinywa wazi,
alidakaye ndiye wa bahati.
Mtoto, Spas, alilikosa mara nne.
Mimi lilinigonga pua.
Mtu akacheka, na kicheko kilikuwa cha mama,
kooni mwa Donka.

Mwishoni uzi huchomwa, kipande kwa kila jina;
moto ukifika juu, mwaka utakuwa mwema.
Donka alikata kipande cha mwisho.
Hakusema ni cha nani.
Akawasha kiberiti, tukatazama kile kimoto
kikipanda, kikisita kwenye fundo,
kikipanda.